Mwanafunzi wa Udaktari na Mwili wa Maiti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kila mwaka, vijana wetu wanapopata nafasi za vyuo vikuu, wazazi hutujia kwa swali lile lile. Huja baada ya Swala ya Isha, wakangoja watu watawanyike, kisha wakasema kwa sauti ya chini: mtoto ameitwa kusomea udaktari, twashukuru, lakini twasikia kwamba mwaka wa kwanza tu huwekwa mbele ya maiti wakaambiwa wampasue. Je, yajuzu? Safari hii aliyetujia ni baba wa msichana. Bintiye amepata alama zilizosherehekewa na mtaa mzima, na sasa baba anataka abadilishe masomo, akasomee biashara. Mama hataki kabisa. Nyumba imegawanyika, na kwa kuwa twajua si nyumba moja tu, tumeona tulijibu swali hili mbele ya wote.

Jawabu fupi ni kwamba yajuzu, kwa masharti tutakayoyataja. Lakini jawabu fupi halimtulizi mzazi, kwa sababu ndani ya swali lake la hukumu mna swali jingine: haja ni ipi? Vitabu vipo, michoro ipo, sanamu za plastiki zipo, na siku hizi kompyuta yaweza kuugeuza mwili wa binadamu pande zote juu ya kioo. Kwa nini basi asumbuliwe aliyekwisha kutangulia mbele ya haki?

Na tuanze na lugha yetu wenyewe. Mswahili akisema mshipa, huenda akakusudia ateri inayotoa damu moyoni, au vena inayoirudisha, au neva inayopeleka hisia na amri za ubongo, au kano inayoufunga msuli kwenye mfupa. Na akisema fulani ana mshipa, watu watafahamu kuwa ana ngiri. Neno moja, mambo matano. Kwa mazungumzo ya barazani latosha. Kwa mwenye kisu mkononi halitoshi hata kidogo. Ateri ikikatwa, damu huruka kwa mapigo. Vena ikikatwa, damu hutiririka. Neva ikikatwa hakuna damu ya kutajika, ila kidole hakitahisi tena moto wala baridi. Na kano ikikatwa, kidole chahisi vyema lakini hakikunjiki. Vitu hivi vinne vyote vimepangana mahali mkono unapoungana na kiganja, ndani ya upana usiozidi vidole vinne. Kijana akianguka na gilasi ikamkata pale, tabibu aliye zamu usiku ana dakika chache za kujua kilichokatika.

Chukua mfano ambao kila mama anaujua, sindano ya tako. Ndani ya tako hupita neva iliyo nene kuliko zote mwilini, inayokaribia unene wa kidole gumba, ikishuka hadi mguuni. Ndiyo sababu muuguzi aliyefunzwa huligawa tako kwa macho sehemu nne, akachoma ile ya juu upande wa nje. Anayechoma popote penye nyama anaweza kumwachia mtoto wayo unaoburura maisha yake yote. Au mtoto aliyepaliwa na njugu: koo la hewa likifika kifuani hugawanyika matawi mawili, na tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto. Basi njugu aghalabu huangukia kulia, na daktari anayejua hilo hulisikiliza pafu la kulia kwa makini zaidi. Haya si mambo ya mabingwa. Ni ya kila anayetibu, na kwa hiyo si madaktari peke yao wanaofundishwa anatomia, ambayo maulamaa wetu waliiita elimu ya tashrihi. Wauguzi na matabibu wa zahanati hufundishwa pia, kila mmoja kwa kiwango chake.

Haya, kwa nini kitabu hakitoshi? Kwanza, kitabu kinampaka rangi kila mmoja: ateri nyekundu, vena buluu, neva manjano. Katika mwili wa maiti aliyehifadhiwa kwa dawa, vyote hivyo vina rangi inayokaribiana, kijivu cha kuelekea hudhurungi, vimefungamana kwa utando na mafuta. Mwanafunzi hulazimika kuvitambua kwa vidole. Ateri ina ukuta mzito na hurudi ikibanwa. Vena ni nyepesi na hulala bapa. Neva ni ngumu kama uzi uliosokotwa. Ujuzi huu wa vidole hausomeki, kama vile makharija ya herufi hayasomeki kitabuni bila ya mwalimu na ulimi.

Pili, watu hawakuumbwa sawasawa. Msomaji na ajaribu: kutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha ukunje kiganja kidogo kukielekea kifua. Wengi wataona kano moja ikijitokeza katikati, karibu na mahali pa kupimia mapigo. Wengine hawataiona, kwa sababu hawanayo, wala hawapungukiwi na kitu. Kitabu huonyesha mtu mmoja wa kawaida, ambaye huenda hajapata kuzaliwa. Mwanafunzi aliyezunguka meza kumi ndani ya chumba kimoja akaona mishipa ya damu ikigawanyika kwa namna mbalimbali, hatashangaa siku atakapoikuta hivyo ndani ya mtu aliye hai.

Wanazuoni wa tiba wa Kiislamu walilifahamu hili mapema. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, ameandika juu ya upasuaji katika kitabu chake al-Tasrif, na kabla ya kufundisha chochote aliwalaumu madaktari wa zama zake walioshika wembe bila ya kujua maumbile ya ndani. Akasimulia habari ya tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingo, akaikata mishipa ya damu, na mwanamke yule akavuja damu mpaka akafa mbele yake. Kwa al-Zahrawi, asiyejua tashrihi huishia kuua watu.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu wa dini zote walimtegemea Galen, Myunani wa karne ya pili, ambaye sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata kwa kupasua wanyama, wakiwamo tumbili na nguruwe. Galen alisema taya la chini ni mifupa miwili. Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwapo Misri katika njaa kuu ya mwaka 1200 hadi 1202, iliyoacha mifupa ya watu imerundikana nje ya mji. Walikwenda yeye na wenzake, wakatazama mafuvu zaidi ya elfu mbili, na katika yote wakaona taya la chini ni mfupa mmoja tu. Akaandika kwamba ushahidi wa macho ni wa kuaminika kuliko Galen, pamoja na heshima yote aliyokuwa nayo kwake. Hakupasua mtu. Alitazama tu, jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakulifanya.

Na Ibn al-Nafis, ambaye wahubiri wetu hupenda kumtaja kwa kujigamba zaidi kuliko kwa kujifunza, alikuwa fakihi wa madhehebu yetu ya Shafii, akifundisha fiqhi mjini Kairo na kutibu papo hapo. Galen alidai kuwa damu huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana ukutani. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis aliandika kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu lolote. Damu hutoka kulia ikaenda mapafuni, ikakutana na hewa, ndipo ikarejea kushoto. Ilipita zaidi ya miaka mia tatu kabla ya jambo hilo kuchapishwa Ulaya, na kazi yake yeye ikasahaulika hadi mwaka 1924, alipoifufua tabibu kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, kutoka katika muswada uliokuwa Berlin. Ibn al-Nafis mwenyewe alisema kuwa sheria na huruma vilimzuia kupasua watu, na wanahistoria wangali wakibishana aliyapataje aliyoyapata. Sisi lililotuvutia ni kwamba mtu aliyeiogopa sheria kiasi hicho hakuona kuwa kuuchunguza moyo wa mwanadamu kunapingana na uchaji.

Kizuizi alichokihisi yeye tunakijua. Iko hadithi mashuhuri, aliyoipokea Abu Daud na wengineo, inayoulinda mfupa wa maiti usivunjwe kama unavyolindwa mfupa wa aliye hai. Aliyeosha maiti hahitaji kuelezwa. Maji huwa ya vuguvugu, mkono huwa mwepesi, mwili hugeuzwa taratibu kama wa mtu aliyelala, na sitara haiondolewi. Anayetoka katika malezi hayo akaingia katika chumba chenye meza za chuma, ana haki ya kutetemeka. Hofu ya baba yule ni dalili ya adabu na hatuidharau.

Lakini mafakihi hao hao wa Kishafii, karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya leo, walijuzisha kulipasua tumbo la mama aliyekufa ikiwa mtoto aliye ndani anatarajiwa kuishi. Heshima ya maiti ni kubwa, na uhai wa aliye hai ukawekwa juu yake. Mlango huo ndio walioupitia maulamaa wa zama za karibu, ingawa haukufunguka kwa wepesi. Mwaka 1827 Muhammad Ali Pasha alipofungua skuli ya udaktari Abu Zaabal, karibu na Kairo, chini ya Mfaransa Clot Bey, mazungumzo na masheikh yalikuwa marefu, na upasuaji ulianza kimya kimya bila ya kutangazwa. Hata hivyo mwanafunzi mmoja alimrukia Clot kwa kisu. Alinusurika, na skuli ikaendelea.

Leo jambo hili limetulia. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi mjini Makka, liliruhusu kumpasua maiti kwa uchunguzi wa jinai, kwa kuyachunguza maradhi, na kwa kufundisha udaktari. Kwa mafunzo liliweka masharti: maiti anayejulikana awe alitoa idhini kabla ya kufa au warithi wake watoe, upasuaji usivuke kiasi cha haja, mwili wa mwanamke upasuliwe na wanawake ila wakikosekana, na sehemu zote za mwili zizikwe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wazazi hawatuulizi, nalo ndilo linalotukosesha usingizi sisi kuliko kisu. Miili ile yatoka wapi?

Hapa nchini shughuli hii ina sheria yake, Sheria ya Anatomia, Sura ya 249. Wapo wanaousia miili yao kwa hiari, lakini ni wachache. Wengi wa wanaolala juu ya meza zile ni watu waliokufa wakakaa katika chumba cha maiti bila ya mtu yeyote kuja kuwaulizia. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Sharti la kwanza la maulamaa ni idhini, na hawa hakuna aliyewaomba idhini, wala hakuna jamaa aliyejulikana wa kuombwa. Kila daktari aliyetutibu amesimama juu ya elimu aliyoipata kwa mtu asiye na wake.

Kuzika ni faradhi ya kifaya. Mji mzima ukiiacha, mji mzima una dhambi. Tunawajua vijana wa mitaa yetu waliozama katika dawa za kulevya mpaka nyumba zao zikaacha kuwataja. Tunawajua wazee wenye maradhi ya akili waliotoka alfajiri wasirudi. Mtu wa namna hiyo akifa mbali, bila kitambulisho mfukoni, nani humtafuta? Wako wachache wanaojitolea kuzunguka vyumba vya maiti kuwatambua na kuwazika wasio na watu, nao hufanya kazi hiyo bila hata shukrani. Kamati za misikiti ziwape nauli na sanda, na kila familia iliyopotelewa ipeleke jina na picha, hata kama ilikuwa imemkasirikia. Anayeona uzito Mwislamu kulala juu ya meza ile ameanzia mwisho wa safari akimkabili mwanafunzi. Mwanzo wake ni sisi.

Atatokea mwenye kusema: basi tuwatoe wetu, na watoto wetu wajifunze kwa wengine. Tunajua wako maulamaa wakubwa waliosema kuwa mwili usio wa Mwislamu ndio utangulizwe, na hatushindani nao katika hukumu. Tunachokikataa ni ile sauti ya kudharau inayokuja na maneno hayo. Mtume (S.A.W.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi hakujuta kusimama. Aliye juu ya meza, awe nani, amempa mwanafunzi kitu ambacho baba na mama yake hawawezi kumpa. Huko Thailand wanafunzi wa udaktari humwita maiti mwalimu wao mkuu, na mwisho wa masomo humfanyia mazishi ya heshima. Ibada zao si zetu. Adabu ile tungependa iwe yetu. Ama Mwislamu kuusia mwili wake mwenyewe, hatumhimizi mtu wala hatumkatazi; akae na jamaa zake na mwanachuoni anayemjua.

Turudi kwa msichana. Karibu na mlango wa kizazi, mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni hupita chini ya ateri ya kizazi, kwa umbali mdogo mno. Daktari anayefunga ateri ile wakati wa kuondoa kizazi, asipoujua mrija huo ulipo, huenda akaufunga au kuukata pamoja nayo, na mama akatoka hospitalini na msiba mwingine. Ni wangapi miongoni mwetu tumesimama kwenye mlango wa wodi ya uzazi tukiomba atafutwe daktari mwanamke? Daktari huyo hashuki kutoka mbinguni. Ni binti wa mtu, aliyeruhusiwa na baba yake kuingia katika chumba kile akiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, akaonyeshwa mrija ule kwa ncha ya koleo. Kuwa na matabibu wanawake wa kutosha ni faradhi ya kifaya juu yetu, na baba anayemzuia binti mwenye uwezo huo hana budi kujiuliza ni binti wa nani atakayeitekeleza kwa niaba yake.

Yaliyobaki ni ya kumwambia binti mwenyewe. Aombe kuwa katika kundi la wanawake, na kwenye mwili wa mwanamke, chuo kikiwa na nafasi. Kisipokuwa nayo, asome kwa alichopangiwa. Sehemu isiyosomwa siku hiyo ifunikwe, hasa uchi na uso. Asipige picha, wala asikae karibu na anayepiga. Simu ibaki mkobani. Asimpe maiti jina la mzaha, hata darasa zima likicheka. Vipande vinavyotolewa viwekwe katika chombo cha mwili ule ule, visichanganywe, ili siku ya maziko azikwe mtu mmoja na si wawili.

Kuhusu twahara, mwili wa mwanadamu aliyekufa ni twahara katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu. Damu na uchafu utokao ndio unaooshwa. Kugusa ngozi ya maiti wa jinsia nyingine asiye maharimu hutengua udhu, lakini kwa kuwa wanafunzi huvaa glavu, udhu wake hautenguki kwa mguso huo. Glavu ikichanika, atawadhe upya. Hana haja ya kuoga janaba kwa kugusa maiti, ingawa wengi wamedhani hivyo. Ratiba ya maabara ikiingiliana na Adhuhuri, amwombe mwalimu dakika kumi kwa upole na mapema, si baada ya kutoweka. Na koti la maabara alivue kabla ya kuingia chumba cha swala, si kwa sababu ya najisi bali ni kwa ajili ya fomalini, ambayo harufu yake hufika safu ya mwisho kabla ya mwenyewe hajafunga takbira.

Wallahu aalam.